Maziwa ya Kuomba

Shangazi yangu alinikuta shambani. Mchana ule tulikuwa tunapalilia maharagi ya shule kwenye mteremko ulio nyuma ya jiko, na ukungu wa Masisi ulikuwa umeshuka mpaka ukatufika magotini. Nilimwona mwanamke akipanda polepole na mzigo mgongoni, nikadhani ni mmoja wa wakulima wa jirani wanaotuletea viazi. Alipokaribia niliitambua miguu yake kabla ya uso wake. Ilikuwa miguu ya watu wa kwetu, wa msituni, iliyozoea matope laini, na mawe ya milimani yalikuwa yameikatakata vibaya.

Hakunisalimu kwanza. Alifungua kikwembe alichojifunga mgongoni, akauleta mzigo kifuani, na ndani yake mlikuwa na mtoto mchanga mwenye uso uliokunjamana, ananyonya ngumi yake mwenyewe.

"Njo huyu mudogo wako," alisema. "Mama yako alitutoka siku ile ile alimuzaa. Sisi kule hatuna wa kumunyonyesha."

Sikulia. Watu hufikiri kwamba habari kama ile humwangusha mtu chini, lakini mimi nilibaki nimesimama na jembe mkononi, na swali lililonitoka lilikuwa la kijinga kabisa. Niliuliza kama mama alikuwa ameipata sabuni niliyomtumia kwa mkono wa katekista. Shangazi akasema aliipata, akaitunza bila kuitumia, na ndiyo waliyomwogeshea. Hapo ndipo niliweka jembe chini, nikanyoosha mikono nimpokee mtoto.

Nilikuwa na miaka kumi na saba hivi. Shule yetu ilikuwa ndogo: nyumba chache ndefu za matofali juu ya kilima, kanisa, jiko, na dispensari ya chumba kimoja yenye baraza. Ilifundisha wasichana kuwa walimu wa madarasa ya chini. Miaka ya hamsini ilikuwa imefika katikati, na wasichana waliosoma mpaka pale walikuwa wachache katika Masisi nzima; upande wetu wa Walikale walikuwa wachache zaidi. Kutoka Mpofi, kijiji chetu, nilikuwa peke yangu. Wenzangu wengi walikuwa watoto wa wakulima Wakristo wa milima ile, watu waliozaliwa kwenye baridi na kukulia viazi na maharagi. Mimi nilifika nikitetemeka, nikitamani ndizi za kwetu na nyama iliyokaushwa juu ya moto. Mwaka wa kwanza walinicheka kwa namna nilivyosema, mwaka wa pili wakazoea. Asubuhi tulisoma Kifaransa, hesabu na dini. Mchana tulilima, tulifua, tulishona. Tulilala na njaa mara nyingi, si kwa sababu masista walitunyima, ila chakula cha kilima kile kilitegemea mikono yetu wenyewe, na mikono ya wasichana wanaosoma mpaka mchana haiwezi kulima sana.

Mama ndiye aliyetaka nisome. Baba alikuwa mwindaji na mkulima, amebatizwa, anakwenda misa kila padri alipopita kijijini, lakini hakuona kazi ya Kifaransa kwa mtoto wa kike. Mama hakubishana naye. Alinisindikiza tu siku ya kuondoka mpaka mahali njia inapoanza kupanda, akaniambia nisigeuke nyuma. Sikugeuka. Basi sura yake ya mwisho sikuiona.

Shangazi alinieleza mambo yote tukiwa tumekaa kwenye ukuta wa jiko. Baba hakuweza kuja, kwa kuwa wazee wa ukoo walimshika. Mume aliyefiwa na mke katika uzazi alikuwa na siku zake za kukaa ndani, asitembee njia za watu wala asivuke mto mpaka aogeshwe, na baba, pamoja na rozari yake shingoni, alikubali kukaa. Kijijini walikuwapo wanawake wawili wenye kunyonyesha. Mmoja alijaribu, lakini mtoto wake mwenyewe akaanza kudhoofika na mume akamkataza. Wa pili aliogopa tangu mwanzo. Shangazi akamlisha mtoto maji ya ndizi mbivu kwa majani yaliyokunjwa. Kisha mtu mmoja akamwambia kwamba masista wa Masisi wana maziwa ya unga. Akamfunga mtoto mgongoni akaanza kutembea.

Nilimuuliza njiani alikuwa anamlisha nini. Alisema alikuwa anaomba. Kila kijiji alichopita aliuliza nyumba yenye mama anayenyonyesha, akapiga magoti mlangoni. Wengine walimpa titi mara moja, wengine walimfukuza. "Huyu mutoto alikunywa maziwa ya Masisi yote," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo.

Mama Mkuu wa shule alikuwa mzungu mwembamba, mwenye miwani, aliyesema Kiswahili polepole kama mtu anayesoma. Alitusikiliza akiwa amesimama. Shangazi alipomaliza, akamchukua mtoto mwenyewe, akamfungua, akamtazama miguu na tumbo, akamfunika tena. Alisema shule si nyumba ya watoto yatima. Alisema pia kwamba Mungu hakuniuliza mimi wala yeye. Mwisho akaamua hivi: mtoto atakaa dispensari, Sista wa dispensari atanipa maziwa, lakini kumlisha, kumfua na kumbembeleza ni kazi yangu, na darasani nisirudi nyuma hata hatua moja. Nikirudi nyuma, nitakwenda Mpofi pamoja naye. Shangazi akapiga magoti kumshukuru. Kesho yake akashika njia, kwa kuwa alikuwa ameacha watoto wake mwenyewe nyumbani.

Hivyo nikawa mwanafunzi mwenye mtoto. Kabla ya misa nilikimbilia dispensari, nikachemsha maji, nikakoroga unga, nikampa kwa bibero, chupa ya glasi yenye chuchu ya mpira iliyonuka kama gurudumu la kamio, yaani lori. Katikati ya masomo nilikimbia tena. Usiku nililala kwenye mkeka kando ya kikapu chake. Nepi zake nilizikata kutoka kikwembe cha mama alichokileta shangazi, na katika mvua ile hazikukauka kamwe. Nilizivaa kiunoni chini ya nguo ya shule ili joto la mwili wangu lizikaushe. Nilinuka mkojo. Nilijua kwamba nanuka, na wenzangu darasani walijua, lakini hakuna aliyesema, isipokuwa mmoja aliyehama benchi.

Rafiki yangu hakuhama. Alikuwa msichana mfupi mwenye sauti nene, mtoto wa familia ya wakulima wa Kibabi, na tangu mwaka wa kwanza tulikaa benchi moja. Yeye alikuwa amelea wadogo zake wote, basi alimshika mtoto vizuri kuliko mimi. Siku niliyopewa kufundisha somo la majaribio mbele ya Mama Mkuu, somo la hesabu za kutoa kwa watoto wa darasa la kwanza, rafiki yangu alikaa nje ya dirisha na mdogo wangu mgongoni. Mtoto alianza kulia nikiwa ubaoni. Watoto wa darasa la kwanza wakageuka wote dirishani. Nikasahau nilichokuwa nataka kuandika. Nilisimama na chaki, kichwa changu kitupu, nasikia kilio kile tu, na uso wangu ukaanza kulowana kwa machozi ambayo sikujua yalianza saa ngapi. Mama Mkuu aliinuka, akachukua chaki mkononi mwangu, akamalizia somo yeye mwenyewe. Baadaye hakuniambia neno. Afadhali angenikaripia.

Ila kwa muda mtoto alinenepa. Lazima niliseme hilo, maana ulikuwapo wakati mzuri. Alijifunza kunitazama. Nilipoingia dispensari na kusema salamu, miguu yake ilianza kupiga kikapu. Wasichana walianza kuja baada ya chakula kumtazama, wakashindana kumbeba, wakamshonea kofia ya vipande vya vitambaa. Yule aliyehama benchi ndiye aliyeshona kofia. Sista wa dispensari, mwanamke mnene mwenye mikono mikubwa, alimpima kwenye mizani ya maharagi na kusema kwamba huyu atakuwa mtu wa kubeba magogo.

Kisha mvua za mwaka ule zikazidi. Milimani kule mvua ni jambo la kila siku, lakini ile ilikuwa mvua nyingine. Kilima kiliporomoka juu ya barabara ya kushuka Sake, mahali pawili, na kamio zote zikakwama chini. Chumvi ikaisha, mafuta ya taa yakaisha, na sisi wanafunzi hatukujali sana, maana tulizoea. Lakini maziwa ya unga nayo yalikuja na kamio.

Sista wa dispensari hakunificha. Alinionyesha mkebe wa mwisho. Alisema tutapunguza unga na kuongeza maji, mpaka barabara ifunguliwe. Tukafanya hivyo. Mtoto alikunywa chupa nzima na kulia akitaka nyingine. Tukapunguza tena. Maji yale yakawa meupe kidogo tu, kama maji yaliyooshewa mchele.

Upande wa pili wa bonde kulikuwa na shamba la mzungu mmoja mwenye ng'ombe. Mimi na rafiki yangu tulipewa ruhusa ya kwenda kuomba. Msimamizi wa pale, mtu mweusi mwenye buti ndefu, alitupa maziwa siku ya kwanza, tena kwa moyo, akiuliza habari za mtoto. Siku zilizofuata alitupa kidogo zaidi. Baadaye akatueleza, akitazama pembeni, kwamba maziwa yote yanafanywa jibini, kwamba bwana wake amemwuliza, na kwamba kinachobaki ni maji ya jibini wanayopewa nguruwe. Tukachukua hayo maji ya nguruwe. Sista aliyachemsha, akayachuja, akaweka sukari. Mtoto aliyanywa, na tangu siku ile tumbo lake likafunguka.

Nani hajaona mtoto anayeharisha? Sina haja ya kueleza sana. Mashavu yaliondoka kwanza. Halafu mapaja, ngozi ikabaki inaning'inia kama nguo ya mtu mkubwa. Utosini pakabonyea. Alilia kwa sauti, halafu alilia bila sauti, mdomo wazi tu, halafu akaacha kulia. Ilipofika hapo niliogopa kuliko wakati wowote. Nilikuwa nikikimbia kutoka darasani kwenda dispensari nikiwa na hamu ya kusikia kilio, na sikukisikia. Niliingia, nikaweka sikio juu ya kifua chake, nikarudi darasani kuandika imla ya Kifaransa. Mwalimu alisoma habari za familia inayokula chakula cha jioni karibu na dirisha, na mimi niliandika maneno yale moja baada ya jingine, mkate, siagi, maziwa, bila kosa.

Kanisani sikuomba tena apone. Niliomba asiumie. Hata hilo nililiomba kwa uchovu, kama mtu anayerudia salamu. Mambo yaliyokuwa kichwani mwangu siku zile ni machache: chupa, nepi, njia ya shamba la ng'ombe. Nilimkasirikia mama kwa kufa. Nilimkasirikia baba kwa kukaa ndani. Usiku mmoja niliinua kikapu nikitaka kuondoka naye kwenda popote, nikasimama mlangoni, nikaona mvua, nikakirudisha chini.

Rafiki yangu ndiye aliyeleta habari. Mama yake alikuwa amepanda kilimani na viazi vya shule, na katika mazungumzo akataja mdogo wake aliyeolewa Shasha, kule chini kando ya ziwa, na mvuvi. Mdogo wake huyo alikuwa amezika mtoto, si zamani. Maziwa yalikuwa bado yanamtoka na kumwumiza. Alikuwa anayakamua juu ya majani ya mgomba. Rafiki yangu alinieleza hayo tukiwa tunafua, na sikungoja amalize. Nilikwenda na mikono yenye povu mpaka kwa mama yake, nikamwomba anipeleke.

Mama huyo, ambaye nilimwita Mama wa Kibabi, alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kusema kidogo. Alikwenda dispensari, akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Alisema kwamba njia ni ndefu na mtoto anaweza kuishia njiani. Sista wa dispensari alikuwa amesimama karibu, akasema kwa upole kwamba hapa pia ataishia.

Mitihani ilikuwa karibu kuanza. Nilikwenda kwa Mama Mkuu nikiwa tayari kwa kukataliwa, na nikiwa tayari kwenda hata hivyo. Aliuliza kama huyo mwanamke wa Shasha ni Mkristo. Nikasema sijui. Akaingia chumbani kwake. Kisha akatoa blanketi ya kitanda chake mwenyewe, ya sufu, akanipa.

"Mitihani haitakungoja," alisema. "Mimi siwezi kuiambia ingoje. Nenda."

Tulishuka kwa njia za miguu, maana barabara ilikuwa imekatika. Mama wa Kibabi alitangulia, mimi nyuma, mtoto kifuani ndani ya blanketi, si mgongoni, ili nisikie akiacha kupumua. Mahali kilima kilipoporomoka tulipita juu ya udongo mwekundu ulioteleza, tukishikana mikono. Nilimdondoshea maji ya sukari mdomoni kwa kona ya kitambaa. Wakati mwingine aliyameza, wakati mwingine yalitiririka shavuni. Tulilala kwa watu ambao Mama wa Kibabi aliwafahamu, na mwenye nyumba, alipomwona mtoto, alitupa nafasi karibu na moto lakini akawatoa watoto wake nje ya chumba. Kesho yake tukashuka tena, hewa ikaanza kuwa ya joto, na mbele yetu ziwa likaonekana. Sikuwahi kuliona. Sikulitazama sana.

Nyumba ya mwanamke yule ilikuwa karibu na maji, kati ya vichanja vya samaki wadogo waliotandazwa juani. Alikuwa amekaa kizingitini, kifua kimefungwa kwa kitambaa kigumu ili maziwa yakauke. Alikuwa kijana, labda ananizidi miaka michache tu. Dada yake alimsalimu, akamweleza kwa Kihunde, na mimi sikuelewa maneno mengi, lakini nilimwona akitikisa kichwa tangu mwanzo. Aligeuka kwangu akasema kwa Kiswahili, ili nielewe vizuri.

"Dada, niliweka wangu mu udongo hapa hapa nyuma. Huyu wako iko anakufa. Sitaki kufiwa mara mbili."

 Nilikaa chini mbele yake, nikafungua blanketi, nikamweka mtoto juu ya mapaja yangu. Hakuamka. Jua lilimpiga usoni, akakunja macho, na akafungua mdomo akigeuza kichwa huku na huku, akitafuta. Hakutoa sauti. Alitafuta tu, hewani.

Mwanamke yule aliangalia kando. Kitambaa cha kifua chake kilikuwa kimelowana.  Baada ya muda aliinua mkono akafungua fundo.

Mtoto hakuweza kunyonya. Alikuwa amezoea mpira, na nguvu zilikwisha. Mwanamke alimkamulia mdomoni, tone kwa tone, akimsugua koo kwa kidole ili ameze. Alifanya hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikatufunika. Mume wake akarudi kutoka ziwani, akatukuta, akasimama na kasia begani bila kuuliza. Mara mtoto akashika. Nilisikia sauti ya kumeza, sauti ndogo, kubwa kuliko yote niliyosikia mwaka ule. Mwanamke akauma midomo, machozi yakamshuka, na sijui kama ni kwa maumivu ya kifua au kwa jambo lingine.

Tulikaa pale, nikimtazama akinyonya, akilala, akiamka akinyonya tena. Kuharisha kulipungua. Asubuhi moja alilia kwa sauti, akaamsha nyumba nzima, na mvuvi akacheka kitandani. Siku hiyo hiyo mwanamke aliniita kando, mume wake akiwapo na dada yake akiwapo.

"Nikiendelea kumunyonyesha, njo atakuwa mutoto wangu," alisema. "Sitamulisha mpaka atembee, halafu uje uniambie leta. Kama unataka kumubeba, mubebe leo, bado sijamupenda sana. Kama unamuacha, umuache."

Nilimwambia mtoto ana baba. Akasema anajua. Nilimwambia mimi si mkubwa wa kuamua jambo la ukoo. Akasema anajua hilo pia, lakini mkubwa hayupo, na mtoto atataka kunyonya tena jua likifika pale, akanionyesha mahali juu ya mgomba.

Nilimtazama Mama wa Kibabi anisaidie. Alisema tu kwamba mdogo wake hasemi maneno mawili.

Nilikwenda mpaka kwenye maji. Wanawake walikuwa wanaosha sufuria. Nilijaribu kufikiri baba angesema nini, mama angesema nini, na sikusikia sauti ya yeyote. Nilisikia njaa tu, yangu na yake, na njia ya kurudi kilimani kwenye mkebe mtupu. Niliporudi nilikubali. Mvuvi alitaka niseme kwa maneno yanayosikika, mbele ya mashahidi, nami nikasema. Aliniuliza jina lake la ubatizo, nikamwambia, akasema watamwongezea la kwao. Mwanamke hakusema aksanti. Aliingia ndani naye na kufunga mlango, si kwa ubaya. Alifanya hivyo ili nisiage.

Nilipanda kilima nikiwa na blanketi tupu. Maziwa yasiyo yangu yalikuwa yamekauka juu ya nguo yangu na kunuka, na sikuifua mpaka masista waliponiamuru.

Mitihani ilikuwa imepita nusu. Mama Mkuu aliniruhusu kuketi iliyobaki, lakini haikutosha, nikarudia mwaka. Hakuniambia nirudi Mpofi, na sikumkumbusha sharti lake. Rafiki yangu alipanda darasa akaniacha. Tulipokutana uani alikuwa ananieleza habari za mama yake mdogo: mtoto ameota jino, mtoto ameketi. Baadaye nilimwomba asinieleze tena, naye akaelewa.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa ameshaogeshwa, ametoka ndani, amerudi porini na nyavu zake. Shangazi alikuwa amemwambia kwamba mtoto yuko kwa masista. Nilimweleza jioni nje ya nyumba, nimekaa chini, yeye juu ya kigoda. Nilimweleza yote kwa utaratibu: barabara iliyokatika, maji ya jibini, Shasha, maneno niliyotamka. Hakunikatiza.

"Ulimupa watu," alisema nilipomaliza.

"Ndiyo, Papa. Alikuwa anakufa."

"Watu wa ziwa. Hatujui hata ukoo wao."

 Likizo nzima nilipika, na chakula changu hakukila. Alikula kwa dada yake. Hakunipiga, hakunitukana. Alipita mlangoni akiniangalia kama mtu anayeangalia mgeni aliyekaa mno. Usiku nilimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta, na nilijua hajalala. Mimi pia sikulala. Nilitamani aingie anipige, yaishe.

Nilimaliza shule. Nikapewa darasa Kibabi, nikafundisha kutoa na kujumlisha mbele ya watoto waliotetemeka kwa baridi, na mikono yangu ilizoea chaki. Siku moja walimu wa mlima wetu tulipelekwa na kamio kwenye mkutano upande wa Minova, na kamio ikasimama Shasha ili dereva apoze mashine. Sikuwa nimepanga. Niliwaona kabla hawajaniona. Mwanamke alikuwa anageuza samaki juu ya kichanja, ameongezeka mwili, na mbele yake mtoto wa kiume mwenye tumbo la shibe anafukuza bata kwa fimbo.

Aliniona. Alisimama wima. Uso wake ulibadilika, mkono wake ukamtafuta mtoto bila kumwangalia, ukamshika bega. Nilibaki mahali nilipo. Nilimwonyesha kamio kwa kidevu, ajue kwamba ninapita tu. Pole pole bega lake likashuka.

"Salimia Mama Mwalimu," alimwambia mtoto.

Alikuja akanipa mkono wa kuume, akishika wa kushoto chini yake, kama anavyofundishwa mtoto wa watu wenye adabu. Kiganja chake kilikuwa na magamba ya samaki. Alikuwa na paji la uso la mama yangu, lote, na nafasi kati ya nyusi ya baba. Nilimuuliza kama anakula vizuri. Akashangaa swali lile, akamgeukia mama yake, na mama yake akajibu kwa ajili yake kwamba anakula kuwashinda wote. Dereva akapiga honi. Mwanamke akafunga samaki ndani ya jani akanipa, na mikono yetu ikagusana chini ya lile jani, akanibana vidole kwa nguvu, mara moja. Kwenye kamio mwalimu mwenzangu aliniuliza kama yule ni ndugu yangu. Nilimwambia namfahamu mama yake.

Mwaka huo huo nilikwenda Mpofi. Baba alikuwa amezeeka kwa haraka, ameacha msitu wa mbali, anategea karibu na mashamba tu. Alikuwa amekaa nje anashona wavu. Alikuwa amekwisha kurudi kula chakula changu, mwaka hata mwaka, bila siku ya kusema tumesameheana. Nilikaa karibu yake nikamwambia kwamba nilipita Shasha, nikamwona.

Sindano ya mti iliendelea kupita kati ya kamba, kwenda na kurudi. Nilidhani hatajibu. Kuku wakaja, akawafukuza kwa mguu. Ndipo akauliza, macho yakiwa juu ya kazi yake:

"Anakimbia?"

"Anakimbia sana, Papa. Anafukuza bata."

Aliitikia kwa koo tu. Akauvuta wavu upande wangu, akanipa ncha nyingine niushike vizuri, ili aone mahali panapohitaji kushonwa.